Tairi Nyekundu za Siku ya Majani

Kapsoit
Jumapili, 14 Novemba 1993

Kwa dada yangu Chepkirui,

Chamgei. Huku tumeamka wote, hakuna aliyebaki kitandani isipokuwa Mama, na yeye ni kwa kupenda kwake. Aling'olewa jino Jumatano na tangu hapo hataki kitu ila mursik, maziwa ya kibuyu, tena kibuyu cha mke wangu Phyllis. Phyllis anasema maziwa yote ya nyumba hii sasa yanaishia kwa jino ambalo halipo. Mahindi tumevuna, si mabaya. Mama anauliza kama huko Uingereza umeshanunua sweta la maana.

Habari ya hapa nyumbani ni kwamba siku za kupeleka majani ya chai zimebadilishwa. Wewe unakumbuka Jumatatu na Alhamisi. Tangu Septemba lori la kiwanda linakuja Jumanne na Ijumaa, na linachelewa vile vile. Wakulima wamepanga magunia ya majani katikati ya barabara, kuanzia kituo cha kupimia majani mpaka mwisho wa kona ya kokoto, na hakuna wa kusogeza gunia lake apoteze foleni. Magari ya rali yanayojaribu tairi za kampuni yenu yakaja mbio, yakapiga honi. Mama Kemuma akaketi juu ya gunia lake akakunja mikono. "Hata askofu akija leo," akasema, "atapitia kwa dipu." Basi Wazungu wakapitia kwa dipu ya ng'ombe, Jumanne yote na Ijumaa yote, na Gichana mwenye dipu amesimama pale na ndoo ya dawa akiwapigia saluti kila raundi. Nilicheka mpaka nikakaribia kupoteza hesabu. Lakini sikupoteza.

Sasa kazi. Asante kwa kunitaja kwa timu ya rali. Mtu aliyeanza kuziba tyubu za baiskeli kando ya barabara na pampu ya mkono, leo amepewa stopwochi mbili na kiti cha kukunja. Mzunguko wenu ni kilomita 14.2 kutoka lango la kiwanda hadi lango la kiwanda, mimi mwenyewe niliupima kwa pikipiki mara tatu. Tairi zenye alama nyeupe, mpira wa kati, zilikimbia Jumatatu na Alhamisi: raundi bora dakika 8 na sekunde 21. Za njano, mpira mgumu, Jumatano: 8 na 26. Zako nyekundu, mpira laini, Jumanne na Ijumaa: 7 na 49! Nilitazama saa zote mbili, zikasema neno moja. Na baada ya raundi nane nyeupe imepoteza milimita tatu za meno, nyekundu mbili tu.

Fomu yenu ina vichumba sita: tarehe, tairi, raundi, saa, joto la barabara, meno yaliyopungua. Nimejaza vyote, sikuacha hata kimoja. Injinia aliyetumwa ameshikwa na malaria, amelala hotelini siku nne, na amesaini fomu zote akiwa kitandani.

Kijana wangu Kiptanui amechukuliwa kusoma ramani katika gari la pili la timu, rali ya Pasaka, kwa dereva anayeitwa Njuguna. Hajalala tangu aambiwe. Anasema tairi za Aunty Fancy, ndivyo anavyokuita, zitampeleka mbinguni. Mama yake amemwambia achague maneno.

Ndugu yako,
Nicholas Kipngeno

(Kama kawaida nimeweka karatasi ya kaboni chini. Nakala inabaki kwangu.)


2 Desemba 1993

Kaka Nicholas,

Nimepokea barua yako siku ya kumi na mbili. Niliisoma ndani ya basi nikienda kazini, nikamwona Mama Kemuma vile alivyo juu ya gunia, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Mwambie Mama sweta ninalo, mawili. Baridi ya hapa si ya sweta, lakini usimwambie.

Kaka, namba zako zimesomwa mezani, mbele ya wakubwa. Zile fomu zilifika kwa faksi kabla ya barua yako na jumba lote lilisimama. Unajua ile nyekundu ni yangu? Si yangu kwa maana ya kampuni. Yangu kwa maana ya mikono. Miezi kumi na moja nimepima masizi na mafuta, nimechoma vipande ndani ya jiko la maabara, nimevunja, nimeanza tena. Wazee wa meza ya mpira wa kati walikuwa wananiita "yule msichana wa chai", wakidhani ni utani mzuri. Wiki ile hakuna aliyetania. Kilomita 109 kwa saa, na nyeupe yao 102! Mkubwa wangu aliandika 109 kwa chaki ubaoni, akaizungushia duara.

Mwambie Kiptanui ajifunze kupumua. Kuketi kushoto na kusoma ramani ni kazi ya kichwa.

Msalimu Phyllis, na asimnyime Mama mursik.

Dada yako,
Fancy


Kapsoit, 22 Desemba 1993

Dada,

Krismasi njema kutoka kwetu wote. Jino la Mama limepona, mursik haijapungua. Phyllis amepaka nyumba rangi ya kijani nisiyoitaka.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ile 109 nimeiandika kwenye kadibodi nikaibandika ukutani kwa karakana, juu ya kompresa. Mteja akiuliza ni nini, namwambia hiyo ni spidi ya damu yetu.

Lakini nina neno. Bwana Mureithi, msimamizi wa timu aliye Nairobi, alipitia hapa. Aliangalia duka langu, akaangalia viatu vyangu, akauliza kama ni mimi kweli niliyeshika saa. Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi tuombe Mungu," akanipa kofia. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi ya tairi, na mtu ananipa kofia kama mtoto aliyeimba vizuri. Nimempa Gichana aivae kwa dipu.

Nicholas


17 Januari 1994

Kaka yangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Natumaini Mama anatembea vizuri, Phyllis yu mzima, na yule ng'ombe wa madoa amezaa salama. Nawasalimu majirani wote, Mama Kemuma, hata Gichana na kofia yake. Hapa theluji imeanguka siku sita.

Nina habari. Nimefanywa mkuu wa meza ya mpira laini. Ni mimi na watu watano chini yangu, wawili kati yao wana mvi. Na tairi nyekundu imechaguliwa kwa magari yote mawili, rali yote ya Pasaka. Zimetengenezwa mia moja na sitini na zinasafiri kwa meli sasa hivi. Chache zimetangulia kwa ndege, za mazoezi.

Kaka, nilikuwa nakumbuka nyumbani tu, nikajiuliza: ile kona ya kokoto bado ni mbaya kama zamani? Au walishaitengeneza? Ni swali tu.

Zile nakala zako za kaboni, bado unazitunza? Zitunze vizuri, na usimpe mtu mwingine. Mambo ya namba za tairi ni siri ya kampuni.

Fancy


Kapsoit
Jumanne, 8 Februari 1994

Dada Fancy,

Mama hajambo. Phyllis hajambo. Ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike. Nimemaliza salamu, kwa sababu nina jambo lisiloweza kungoja.

Jana, Jumatatu, Njuguna na Kiptanui walipita kwangu na gari la mazoezi, limevaa tairi zako nyekundu, mpya. Nikawaomba, kwa sababu nina kichwa kigumu na ile kofia bado inaniuma, wanikimbizie raundi nane kwenye mzunguko wetu, nipate kuwa na 7:49 iliyoandikwa kwa mkono wangu na kuonwa na watu. Nilialika watu, Fancy. Walikuja kumi na saba.

Raundi ya kwanza: 8:19. Nikadhani nimechelewa kubonyeza. Ya pili: 8:23. Watu wakaanza kuangaliana. Mmoja akasema, "Mzee, hiyo spidi yako ya ukutani imeenda wapi?" Ya tatu: 8:31. Ya nne hawakuja.

Nilingoja dakika kumi. Halafu nikakimbia, mimi na tumbo langu. Niliwakuta mwisho wa kona ya kokoto. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa imevuliwa ngozi yote kama mbuzi. Meno na mpira vimelala barabarani kipande kimoja, urefu wa mkono wangu, na waya zinaonekana. Gari limeingia ndani ya chai mpaka madirisha. Njuguna hakuumia. Kiptanui alikuwa ameketi chini na damu imejaa shati, anashika daftari lake la ramani, ananiambia, "Baba, ni jiwe tu." Ameshonwa nyuzi tano kidevuni, kliniki ya Kabianga.

Walikuwa wanaenda sitini, Fancy. Sitini, kwa sababu ile kona ni mbaya. Jibu la swali lako la Januari ni hilo. Na kwenye mteremko wa Soin, ambako rali inashuka mchana, mawe yamechemka, wataenda mia moja na arobaini, na kushoto ni bonde.

Nilirudi karakana nikatoa kitabu cha kaboni. Nikaketi. Nikasoma barua yangu mwenyewe ya tarehe 14 Novemba. Jumanne na Ijumaa, siku za majani. Magari yalipitia kwa dipu. Nyekundu ilikimbia Jumanne na Ijumaa peke yake. Dada yangu, ile tairi haikuwahi kugusa kona ya kokoto hata mara moja!

Nilichukua pikipiki nikapima. Kwa kokoto ni mita 1,700. Kwa dipu ni mita 800, nyasi laini na matope ya ng'ombe. Tofauti ni mita 900. Kwa hivyo nyekundu haikukimbia kilomita 14.2. Ilikimbia 13.3. Ukigawanya kwa 7:49 unapata 102, ile ile ya nyeupe. Hiyo 109 haipo. Haijawahi kuwa.

Nusu ya kosa ni langu, naandika hivyo na sitaki unitetee. Mimi mwenye kujua kuhesabu niliibandika ukutani. Sikuandika njia kwenye fomu kwa sababu fomu haikuwa na mahali, madereva nao hakuna aliyewauliza, na kwa sababu hapa hakuna asiyejua kwamba siku ya majani barabara imefungwa. Hata ndama huyu aliyezaliwa juzi anajua.

Wazuie. Zikiwa bado melini, wazuie.

Nicholas


22 Februari 1994

Kaka Nicholas,

Nimesikitika kwa kuumia kwa Kiptanui. Namwombea apone.

Nimefikiria barua yako kwa makini. Tairi moja ni tairi moja, Kaka. Hapa hatuamui kwa tairi moja. Njuguna anajulikana kwa kukanyaga breki ndani ya kona, na upepo wa tairi huenda ulikuwa chini. Nani aliupima? Tena stopwochi zako ni za mkono, na wewe mwenyewe umesema watu walikuwa wengi, wanapiga kelele. Kosa la saa linawezekana, la Novemba au la Februari.

Uamuzi ulifanywa na watu wengi, si mimi peke yangu. Mambo yamefika mbali. Tafadhali usimwandikie Bwana Mureithi.

Fancy


FAKSI
Posta ya Kericho, Alhamisi, 3 Machi 1994
Kurasa: mbili

Fancy,

Mfanyakazi wa posta anasoma haya ninapoyapitisha. Na asome.

Nilifunga barua yako nikaifungua tena nikidhani imeandikwa na mtu mwingine. Ati kosa la saa. Wewe? Mimi niliyekushikia saa shuleni ukikimbia mita mia nane, ukalia kwa sababu nilikataa kukupunguzia sekunde moja mbele ya mwalimu? Saa zangu nimezipima jana kwa milio ya redio, saa sita mpaka saa saba kamili. Moja imekosea sehemu mbili za kumi za sekunde, kwa saa nzima. Ya pili haikukosea. Upepo wa tairi niliupima mimi, zote nne, kabla hawajaondoka.

Mureithi nilishamwendea, kabla hujaniambia nisimwendee. Nilipanda mpaka Nairobi nikiwa na kipande cha tairi ndani ya gunia. Alikiangalia, akaniangalia mimi. Akasema, "Mzee, kuna watu wamesomea haya mambo. Dada yako ni mmoja wao. Unataka nimwamini fundi wa Kapsoit nimwache yeye?" Nikarudi na gunia langu.

Kiptanui nimemwambia ashuke kwenye hilo gari. Unajua alinijibu nini? "Baba, Aunty Fancy ndiye ametengeneza. Angejua kuna shida angeniacha niketi humo?" Hajashuka.

Sasa sikiliza. Ukurasa wa pili wa faksi hii ni nakala ya barua yangu ya Novemba. Maneno yamepigiwa mstari. Uliisoma, kwa sababu uliniambia ulicheka ndani ya basi. Wewe umezaliwa mita mia nne kutoka kwa ile dipu. Na mwezi wa Januari uliniuliza habari ya kona ya kokoto, "swali tu". Na barua hiyo hiyo ilisalimu kila mtu, Mama Kemuma, Gichana na kofia, mpaka ng'ombe wa madoa. Nimeitafuta salamu ya Kiptanui mara tatu. Haipo.

Sitaki hesabu. Sitaki habari ya breki. Nina swali moja na lina jibu la neno moja.

Ulijua?

Nicholas


9 Machi 1994

Kaka,

Ndiyo.

Novemba sikujua. Niamini hapo, ingawa najua nimeharibu haki ya kuaminiwa. Barua yako niliisoma kama mtu anayesoma nyumbani. Nilisikia harufu ya dawa ya ng'ombe, nikamwona Gichana. Nilipofika kwenye namba nilikuwa nimeshazijua kwa faksi, nikaruka mistari. Sikuunganisha. Mambo ya nyumbani niliyaweka mfuko mmoja, kazi mfuko mwingine.

Ni Jumamosi ya tarehe 15 Januari. Nilikuwa nimeshaketi kwenye meza yangu mpya siku nne. Nilitaka kuchora grafu ya raundi zote arobaini, niitundike. Nyeupe zilipanda na kushuka kama kawaida, zinapungua spidi kadiri mpira unavyochoka. Nyekundu haikuchoka. Raundi ya nane ilikuwa kama ya pili. Kaka, hakuna mpira wa namna hiyo. Mimi ndiye niliyeupika, najua kilichomo. Nikaangalia tarehe. Nikahesabu siku za wiki kwa vidole. Nikaenda nyumbani, nikatoa barua yako kwenye droo.

Niliketi sakafuni na koti langu mpaka kukawa na giza.

Halafu nikakuandikia ile barua ya kuuliza habari ya kona, kama mwoga, nikitumaini utasema imetengenezwa. Kiptanui sikumsalimu kwa sababu kalamu ilikataa. Nilijiambia bado kuna muda. Nilijiambia nitatengeneza mchanganyiko mwingine, niubadilishe kimyakimya, hakuna atakayejua. Kila siku nilikwenda kazini nikapita mbele ya lile duara la chaki. Nikajiambia wale wazee wanangoja tu nianguke, na nikianguka watasema walijua. Barua yako ya nyuzi tano ilipofika, niliogopa zaidi badala ya kuogopa kidogo. Ndiyo maana nikaandika ule uchafu kuhusu saa yako. Huo ndio ninaouona nikifumba macho, kuliko yote.

Jumatatu tarehe 7, faksi yako ikiwa mkononi, niliingia kwa mkubwa wangu. Nilimtafsiria barua ya Novemba neno kwa neno, hata Mama Kemuma na askofu. Alisikiliza bila kucheka. Aliniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia.

Alifuta ubao mwenyewe.

Nyekundu zote zimeondolewa. Nyeupe mia moja na ishirini zinakuja kwa ndege, zitafika kabla ya tarehe 20. Bwana Mureithi amepigiwa simu jana. Mimi sina meza tena. Nimerudishwa kupima masizi, na wameniambia nishukuru kwamba ni hivyo tu. Nashukuru.

Nimeambatisha fomu mpya. Niliichora mimi, ni kazi ya mwisho niliyofanya kwenye ile meza. Ina chumba cha saba.

Nina likizo mwezi wa nane. Kaka, nikija, mlango utafunguliwa?

Chepkirui


Kapsoit
Jumanne, 5 Aprili 1994

Chepkirui,

Pasaka imepita. Mama alikuwa kanisani, akaimba kuliko kwaya. Phyllis ameanza kupaka jiko rangi ile ile ya kijani. Ndama anakua. Mvua imeanza vizuri, chai imechipua, na leo ni siku ya majani, kwa hivyo naandika nikisikia Mama Kemuma akigombana na karani wa mizani kutoka hapa.

Gari la pili limemaliza nafasi ya sita. Timu ilitarajia ya tatu. Kiptanui amerudi mwembamba, macho mekundu kwa vumbi, kovu la kidevu linamfanya aonekane mtu mzima. Nilikwenda Soin mwenyewe kuwangoja chini ya mteremko. Walishuka saa nane mchana, kilomita mia moja thelathini na nane kwa saa, Njuguna ananiapia. Walipovua nyeupe ya mbele kushoto niliiomba, nikaja nayo. Nimeilaza mezani nikahesabu mikato ya mawe, kwa msumari na chaki. Mikato kumi na minne. Miwili imefika karibu na waya, na huo ni mpira wa kati. Halafu nikatoa kwenye gunia kile kipande cha nyekundu, nikakiweka kando yake. Mteja aliingia akatoka, sikumwona.

Kiptanui aliniuliza kwa nini tairi zilibadilishwa dakika ya mwisho. Mureithi aliwaambia ni mambo ya meli. Sikumwambia neno. Si kwamba nakufichia. Hiyo si kazi yangu, ni yako, na utaifanya ukiwa umesimama mbele yake, si kwa karatasi. Bado anasema Aunty Fancy alimtunza. Umsikie mwenyewe akisema.

Nimehesabu, unanijua. Kutoka 15 Januari hadi 7 Machi ni siku hamsini na moja. Katika hizo, kijana wangu aliketi juu ya tairi zako siku tisa. Siku moja kati ya tisa alitoka na damu. Siku zile nane nyingine nazifikiria kuliko hiyo moja, na sijui kwa nini.

Mureithi alipita jana. Hakuleta kofia. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee, naomba unishikie saa tena mwezi wa kumi na moja." Nikamwambia nitashika kwa fomu mpya peke yake. Ndiyo, imefika. Chumba cha saba: "Barabara iliyopitwa." Umekifanya kikubwa kuliko vingine vyote. Nimeona. Ile kadibodi ya 109 sijaitupa. Nimeigeuza upande wa pili nikaandika 13.3, nikairudisha ukutani juu ya kompresa.

Kuhusu mlango. Mlango wa Mama haujawahi kuwa na kufuli na wewe unajua, kwa hivyo swali lako ulikuwa unaniuliza mimi.

Njoo mwezi wa nane. Lakini uje siku ya majani. Gari litakushusha kituoni kwa sababu halitapita. Acha mzigo wako kwa Mama Kemuma, atauketia. Tembea kona ya kokoto yote kwa miguu, na viatu vyako vya Uingereza, mpaka pale chai ilipovunjwa na gari. Bado panaonekana, miti saba haijachipua. Kisha rudi ulikotoka, uje nyumbani kwa njia ya dipu. Uhesabu hatua za njia zote mbili.

Mimi nimeshazihesabu zangu. Nitakuwa nimeketi nje na Kiptanui. Ukifika, kabla ya chai, kabla ya mursik, utatuambia tofauti.

Nicholas Kipngeno
(Nakala ya kaboni ninayo.)